Jadi Dukani: Chungu cha Wapueblo na Jina Lililo Kitakoni

Mgeni aingiapo katika kituo cha biashara huko New Mexico au Arizona huonyeshwa vyungu vya Wapueblo na kuambiwa kwamba vyote ni vya jadi. Neno hilo ndilo tunalokusudia kulihoji, kwa sababu mwenye duka hulitamka kana kwamba yeye hakuhusika kamwe na jadi hiyo.

Tumtazame Nampeyo, mfinyanzi wa Hano katika nchi ya Wahopi. Mwishoni mwa karne ya 19 kazi zake zilipitia duka la Thomas Keam, Mwingereza aliyewahimiza wafinyanzi kuiga mapambo ya kale. Nampeyo alijifunza kwa vigae vya Sikyatki, kijiji kilichokwisha kuwa magofu. Jesse Walter Fewkes, aliyechimba huko mwaka 1895, alihofu kwamba vyungu hivyo vipya vingeuzwa kama vya kale. Hofu hiyo ni sifa kubwa. Lakini inamwona Nampeyo kuwa mwigaji tu, ilhali mapambo yale aliyapanga upya, akiuacha uwazi mpana kwenye bega la chungu. Hapo ndipo ulipo usanii wake.

Kwa Maria Martinez wa San Ildefonso jambo ni gumu zaidi. Chungu hujengwa kwa misokoto ya udongo bila gurudumu, husuguliwa kwa jiwe mpaka king'ae, kisha moto hufunikwa kwa samadi ili moshi ukitie weusi. Yapata mwaka 1919 Maria na mumewe Julian walipata mbinu ya kuchora weusi usiong'aa juu ya weusi ung'aao. Mchoraji alikuwa Julian. Hata hivyo saini za mwanzo zilimtaja mke peke yake, na Maria alitia jina lake hata kwenye vyungu vya majirani ili vipate bei. Wapo walioona udanganyifu. Sisi twaona kijiji kisichotaka mfinyanzi mmoja ashibe na wengine walie gaeni.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kwa jina la wenyeji wa asili kitu wasichokitengeneza. Ni sheria njema, lakini haisemi mtunzi ni nani pale mmoja afinyangapo, wa pili achorapo, na mwenye duka achaguapo. Huko dukani mnunuzi hukipindua chungu kwanza, asome kitako, ndipo atazame bega.