Kidole cha Bela

Mgeni aingiaye Kolwezi, kusini mwa Kongo, wakati wa kiangazi, akaliona vumbi jekundu lililotanda juu ya mabati na majani ya miembe, si rahisi kumpitikia kwamba amesimama juu ya ghala ya rangi. Kumbe malakiti, lile jiwe la kijani lenye mawimbi ambalo mafundi wa huko hulichonga wakafanya tembo na visahani vya majivu, ndilo walilolisaga watu wa Misri ya kale kupata kijani chao. Na kobalti, ambayo walimwengu leo wanaigombania kwa ajili ya betri, ndiyo iliyompa Thénard, mwanakemia wa Ufaransa, ile buluu ya mwaka 1802 ambayo wachoraji hawajaacha kuitamani. Naye mchoraji wa Kolwezi, mwenye ghala hiyo chini ya nyayo zake, buluu yake hana budi kuinunua dukani, ikiwa imevuka bahari mbili na kurudi katika kopo dogo.

Dhiki hiyo ni kubwa, walakini mkono wa fundi una hila zake. Mto Lualaba, ukiisha kuipita nchi ya Kolwezi, huteremka hadi Bukama, na huko ndiko mwaka 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, alipoona nyumba zilizopambwa kwa picha, akamtafuta aliyezipamba, Albert Lubaki, akampa karatasi na rangi za maji. Kisa hiki husimuliwa kama tunu aliyotunukiwa mtu. Mimi hukiona kuwa mtihani. Ukuta wa udongo huinywa rangi na kuusamehe mkono wenye haraka, ilhali karatasi hujikunja ikilowa, na rangi ya maji ikishateleza hairudishwi. Mtu mzima mwenye ufundi wake alirejeshwa uanagenzini, pasipo ustadhi wa kumwelekeza, na mwaka 1929 picha zake zikatundikwa Brussels. Baadaye waliokuwa wakimpelekea karatasi waliacha, na habari zake zikafifia.

Miaka ishirini baada ya mkutano ule wa Bukama, yaani mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua katika mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar, akakataa katakata kuwafundisha vijana wake kuiga wachoraji wa Ulaya. Twaweza kumlaumu kwa hilo, kwani kumnyima mtu elimu kwa kisingizio cha kuihifadhi hulka yake ni kumdhulumu kwa upole. Hata hivyo kila mmoja alizua njia yake. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi iliyopangana, Pilipili Mulongoy kwa nukta zisizohesabika nyuma ya samaki na ndege wake, naye Bela aliiacha brashi akachovya vidole. Nilipokwisha kusoma habari zake nilijaribu kumfuata, nikidhani kidole changu nakijua tangu kuzaliwa. Saa nzima ilipita nami sina zaidi ya madoa, kwa kuwa kidole hakina ncha, hubeba rangi nyingi kupita kiasi, na kila mguso ni lazima uwe umekwisha amuliwa kabla ya kugusa. Tangu siku hiyo simwiti Bela mchoraji wa tabia ya asili, kama walivyopenda kusema wajuzi fulani.

Lakini mchoraji akishaipata njia yake, hukutana na kikwazo ambacho rangi na karatasi haziwezi kukiondoa, nacho ni mnunuzi anayeipenda picha ya jana. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, akachora juu ya magunia ya unga na kuuza mlango kwa mlango, alilijua jambo hili barabara. Watu wa miji ya shaba walitaka sebuleni picha ya ukumbusho: Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini, au askari akimchapa mfungwa wakati wa Mbelgiji, na mwenye watoto wa kulisha huchora hiyo hiyo hata mkono ukaijua kuliko macho. Ilitosha apatikane msikilizaji. Mwaka 1973 na 1974, kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, alichora historia ya nchi yake tangu mwanzo, picha mia moja na moja, huku akiisimulia kwa Kiswahili cha Shaba, yaani cha Katanga. Na mtu aliyezoea kuchora tukio moja likajitegemea ilimpasa ajifunze kuzifanya picha ziitane, Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, akitoka katika moja na kuingia katika nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba mwenyewe alitoweka. Picha zile zimehifadhiwa Amsterdam, nayo buluu yao, hata ikiwa ni ya kopo, imesafiri tena. Na kijana wa Kolwezi atakaye kuona jinsi ilivyopakwa juu ya gunia sharti kwanza atafute viza.