Hazina ya Rumanyika Juu ya Kioo

Mwaka 1876 Stanley alionyeshwa hazina ya Mfalme Rumanyika wa Karagwe, na ndani yake bata wa shaba na ng'ombe wasio na vichwa. Picha yake ilipigwa chapa katika kitabu chake cha mwaka 1878. Leo picha ya namna hiyo yaweza kutiwa juu ya kioo kilichopulizwa kwa mkono: hupigwa chapa kwenye karatasi yenye gundi, karatasi hulowekwa, utando wa rangi huteleza juu ya kioo, kisha huchomwa tanuuni.

Kitendo hiki huitwa kuhamisha. Kwa karatasi ni kweli, maana hubaki tupu. Kwa ng'ombe wa Rumanyika ni nakala ya nakala. Na shina la Kiarabu la neno nakili, ajabu, lina maana zote mbili. Fundi wa Karagwe alimpa ng'ombe unene. Mchonga chapa akamlaza bapa. Mapovu na mawimbi ya kioo humpinda tena. Kupinda huko hakudhuru. Kinachodhuru ni kukiita kioo hicho sanaa ya Karagwe, au ya Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012, pasipo kumtaja mchonga chapa.