Barua Nzuri ya Kiingereza Inavyotambulika

Kijana wa Cimpunda, mtaa wa Bukavu mashariki mwa Kongo, huongea Kiswahili nyumbani na kwenye soko la Kadutu, na shuleni amefundishwa kwa Kifaransa. Kiingereza humfikia baadaye, mara nyingi kwa ajili ya barua: ombi la kazi katika ONG (shirika lisilo la kiserikali), la nafasi ya masomo, au la msaada kwa chama cha mtaa. Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, hufanya kazi zake nyingi kwa lugha hiyo. Barua hizo zitazidi kuandikwa, na ni lazima tujue kuzipima.

Wengi huisifu barua kwa maneno yake makubwa. Mimi nasema ubora ukaguliwe mahali pengine kabisa.

Anza na vitenzi. "We proceeded to the realisation of the distribution of seeds" ni Kifaransa cha ofisini kilichovishwa Kiingereza. Mwandishi stadi huandika "We distributed seeds to 60 families", na papo hapo tunajua nani kafanya nini, na kwa nani. Waingereza wenyewe wana ugonjwa huo: mwaka 1948 Ernest Gowers alitoa kitabu Plain Words ili kuwasaidia watumishi wa serikali yao kuuacha.

Pili, kagua mahali ambapo Kiswahili na Kifaransa vinakubaliana dhidi ya Kiingereza, maana hapo kosa halisikiki kabisa masikioni mwetu. Tunasema "naishi Cimpunda tangu 2015", na Kifaransa nacho husema hivyo hivyo kwa wakati uliopo. Ndiyo maana tunaandika "I live in Cimpunda since 2015". Kiingereza kinataka "I have lived". Vivyo hivyo, "watoto wake" haituambii kama mwenye watoto ni mwanamume au mwanamke, na Kifaransa pia hakisemi. Kiingereza hufuata jinsia ya mwenye watoto: "the widow and her children". Ukikuta "the widow and his children", msomaji ataanza kumtafuta mwanamume ambaye hayumo.

Tatu, chunguza maneno yanayofanana na ya Kifaransa kwa sura tu. "I assisted at the meeting" kwa Mwingereza ni kusaidia, si kuhudhuria. Aandike "I attended". "Actually" si "kwa sasa". La hatari kuliko yote ni "we demand your support": aliyekusudia kuomba kwa adabu ameonekana anadai kwa ukali.

Nne, soma tarakimu. Bajeti ya "1.500 USD" hapa kwetu ni dola elfu moja na mia tano, kwa msomaji wa Kiingereza nukta hiyo inaifanya dola moja na nusu. Iandikwe 1,500. Na tarehe ipewe jina la mwezi, kwa sababu 4/7 kwa Mmarekani ni tarehe 7 Aprili.

Mwisho, heshima. Hitimisho refu la Kifaransa, lile la kumsihi mkubwa apokee hisia zetu tukufu, lisitafsiriwe. Kwa Waingereza, barua iliyoanza kwa "Dear Sir or Madam" hufungwa kwa "Yours faithfully". Iliyomtaja mtu kwa jina, kwa "Yours sincerely". Kwa Kiingereza maneno hayo mawili ni adabu kamili.

Kabla ya kuituma, mpe mtu anayejua Kiingereza lakini hajui shida yako. Aisome mara moja, aiweke kando, kisha akueleze kwa Kiswahili unaomba nini, kwa ajili ya nani, na kwa kiasi gani. Akisita, mwulize ni sentensi gani iliyomkwamisha, kisha uiandike upya hiyo kabla ya kugusa nyingine yoyote.