Ilhamu ya Karani: Chimbuko la Nchi ya Kusadikika

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba ndoto za Shaaban Robert zilimshukia kwa ilhamu tu, kana kwamba nchi ielea­yo angani haiwezi kubuniwa ila na mtu aliyeukimbia ulimwengu. Wanasahau riziki yake. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha. Kisha akahudumu katika idara nyingine za serikali ya kikoloni, huku akitunga.

Kusadikika (1951) ina alama za meza hiyo. Msomaji atafutaye majini, kama wale wa Adili na Nduguze, atakuta baraza, mashtaka na utetezi. Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mapendekezo, wakatiwa gerezani. Kila safari ina umbo lile lile: uteuzi, mwendo, taarifa, adhabu. Urudiaji huu umelaumiwa, na kwa kweli mjumbe wa nne anapoondoka msomaji amekwisha kuchoka. Lakini huo ndio mwendo wa jalada mikononi mwa karani: huliandika, hulipeleka, wala halimo katika uwezo wake kuliamua. Nchi ya angani ilimpa nafasi ya kumshtaki mtawala pasipo kumtaja.

Mazoea hayo yanaonekana tena katika Kufikirika, iliyochapwa 1967, miaka mitano baada ya kifo chake: mfalme asiye na mtoto anaita makundi ya waganga, moja baada ya jingine, kila kundi kwa zamu yake.