Chapa Chini ya Kasiba

Bunduki ya kale inapotolewa uvunguni mwa kitanda cha marehemu, hutoka na hadithi zake. Hii aliipata babu wa babu huko Manyema, alipofuatana na Tippu Tip. Hii ni ya Mwingereza, si unaliona taji hapo ubavuni? Na hii ndefu ilikuja na jahazi kutoka Maskati. Warithi wamekaa mkekani, kila mmoja anashikilia lake, na vyuma vimelala katikati vikingoja mtu atakayeviuliza vyenyewe.

Mtu huyo, akipatikana, haanzi na chapa wala mwaka. Huanza na ufito mwembamba wa mti. Huutia mdomoni mwa kasiba, kama mdeki, akausukuma polepole hadi ukome, akashika alama kwa kidole. Kisha huutoa, akaulaza juu ya kasiba kwa nje na kutazama umefika wapi. Ukifika karibu na tundu la moto, kasiba ni tupu. Ukipungua kwa upana wa vidole vitatu au vinne, mna kitu ndani. Huenda ni kutu na kiota cha nyigu. Huenda pia ni baruti na risasi zilizoshindiliwa na mtu aliyezikwa zamani, ambaye hakujaliwa kufyatua. Baruti nyeusi haichachi kama maziwa. Ikikaa pakavu hungoja. Bunduki ya namna hiyo hurudishwa chini taratibu, mdomo ukielekea pasipo na mtu, na haiguswi tena mpaka polisi wafike. Polisi wenyewe walistahili kuarifiwa tangu mwanzo, maana silaha ya moto, hata iliyochakaa, hairithiwi kimyakimya kama saa ya ukutani.

Baada ya hapo ndipo kusoma kunaanza, na msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu lugha yake ilikwisha kuzipanga bunduki kabla ya wenye makumbusho. Kuna bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi. Kuna ya gumegume, ambayo jiwe hugonga chuma na kutoa cheche. Kuna gobori la fataki, na kuna bunduki ya viasi, inayolishwa kwa nyuma. Kila jina linataja namna moto unavyoifikia baruti, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo mjuzi wa silaha za kale huuliza popote duniani.

Ile ndefu ya Maskati, tuseme, ni ya mrao. Waomani huiita abu fatila, yaani baba wa utambi. Kasiba yake ni ndefu na nyembamba, tako lake jembamba kama mkono wa mtoto, na mara nyingi kasiba na mti hufungwa pamoja kwa mikanda ya fedha. Ulaya iliziacha bunduki za aina hii karibu na mwaka 1700, lakini Oman zilikuwa bado mabegani karne ya 20 ilipoingia. Kwa hiyo mrao peke yake hautaji umri. Mjuzi huitazama fedha: nakshi yake, na jinsi mikanda ilivyokaa, kama imelingana na mti au iliongezwa baadaye na sonara mwingine. Si ajabu kasiba ikawa imetoka nchi moja, mti nchi nyingine na fedha mji wa tatu. Anayetaka bunduki yenye kabila moja atahangaika sana.

Kubwa zaidi ni habari ya gobori, na hapa hadithi nyingi za mkekani huanguka. Biashara yake ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita Zanzibar kila mwaka kuelekea bara. Zilifuata pembe za ndovu, nazo pembe zilirudi kwa njia ileile. Tippu Tip mwenyewe, yule mfanyabiashara wa pembe, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, analihusisha jina lake la utani na mlio wa bunduki zake, ingawa wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake ya kupepesa. Kumbe hata jina la mtu laweza kuwa chapa ya bunduki.

Sasa ligeuze gobori la urithi ubavu wa kulia. Kwenye bamba la mtambo pana taji, na chini yake neno TOWER. Mjukuu anasema ni bunduki ya askari wa Malkia, kutoka ngome ya London. Asiharakishe. Chapa hiyo ilipendwa sana na wanunuzi wa Afrika, na mafundi wa Birmingham, hata wa Ubelgiji, waliipiga kwenye bunduki za biashara ambazo hazikupata kuiona ngome hiyo, kama leo jina la kiwanda kikubwa linavyoshonwa kwenye raba za bei poa. Mjuzi huzilegeza pini zinazoshika kasiba, akaiinua kutoka kwenye mti, akamulika tochi upande wa chini, mahali ambapo mnunuzi hakuwa na haja ya kutazama. Pale, ndani ya umbo la yai, mara nyingi mna herufi tatu: ELG. Ni alama ya ukaguzi ya mji wa Liège, Ubelgiji, ambako kasiba zilijaribiwa kwa baruti nyingi kupita kiasi kabla ya kuuzwa. Juu ya yai kukiwa na taji dogo, bunduki ilipita mikononi mwa wakaguzi mwaka 1893 au baadaye.

Hapo wengi hushangaa. Gobori la gumegume, la mtindo wa enzi za Napoleon, linawezaje kutengenezwa baada ya 1893? Jibu limo kwenye siasa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika bunduki zenye mifuo ndani ya kasiba, zile zinazolenga mbali, ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo. Watawala walibaki na bunduki za viasi; Mwafrika akauziwa teknolojia ya babu zao. Viwanda viliendelea kuzitengeneza bunduki za kizamani kwa ajili ya soko hilo. Taji dogo lenye ukubwa wa punje ya mchele chini ya kasiba linaieleza dhuluma hiyo kwa uwazi kuliko vitabu vingi vya shule.

Gobori la fataki nalo lina siri yake. Kagua bamba la mtambo: ukiona vitundu vilivyozibwa kwa chuma mbele ya nyundo, hapo palikuwa na kifa na springi ya gumegume. Mtu aliigeuza bunduki ili itumie fataki, ambayo haiogopi mvua sana. Wakusanyaji wa Ulaya wakati mwingine hulipa bei ndogo kwa bunduki iliyogeuzwa. Ni makosa. Ile isiyoguswa huenda ilikaa ghalani, lakini iliyogeuzwa ilikuwa na mwenyewe aliyeitegemea.

Ya viasi inayopatikana sana kwenye urithi wa familia zenye asili ya Oman ni Martini-Henry, ambayo jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1871. Hutambulika upesi: haina nyundo ya nje, na chini ya shingo ya tako ina wenzo unaovutwa ili kufungua chumba cha kiasi. Ina baba watatu, kwani mfumo wake ulianza kwa Peabody wa Marekani, ukaboreshwa na Martini huko Uswisi, na kasiba ikatoka kwa Henry wa Edinburgh. Ubavuni huwa na taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, jina la kiwanda na mwaka. Soma hayo yote kwa pamoja. Maskati ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa soko kuu la silaha lililolisha pwani ya Uajemi na milima ya Afghanistan, na wahunzi wa mpaka wa Afghanistan, waliokuwa hodari ajabu, walizinakili bunduki za Waingereza pamoja na chapa zake. Walijua chuma kuliko herufi. Basi waweza kukuta ENFIELD yenye N iliyogeuka, au V.R. juu ya mwaka 1906, wakati Victoria alifariki Januari 1901. Ni ya kughushi, ndiyo, lakini mtu aliyeichonga kwa tupa na moto, bila mashine za kiwanda, anastahili heshima ambayo fundi wa Enfield hakuhitaji kuipigania.

Mrithi mwenye bidii ndiye adui mkubwa wa haya yote. Huchukua msasa na kung'arisha, na kwa saa moja ya jasho huondoa chapa, nakshi na ule weusi wa kahawia uliochukua karne nzima kukaa. Kitambaa laini chenye mafuta kidogo kwa chuma, nta kidogo kwa mti, basi.

Mwishoni mjuzi hufika kwenye shingo ya tako, mahali magobori mengi huvunjika. Hapo pamezungushiwa ngozi iliyoshonwa ikiwa mbichi, ikakauka na kubana mti kama mfupa uliounga, na juu yake waya wa shaba umesokotwa kwa mkono usiotetemeka. Hakuna chapa ya Liège hapa, wala ya Birmingham. Vitabu vya alama havisaidii. Mjuzi huiweka tochi chini, akachukua penseli na kikaratasi chake, akawageukia wale waliokaa mkekani, akaanza na mkubwa wao: "Shikamoo bibi. Zamani, mtaa huu, kazi za ngozi alikuwa akifanya nani?"