Iskandaria katika Mashairi ya Cavafy

Magofu huliliwa kwa njia nyingi. Mtunzi wa Al-Inkishafi aliyatazama majumba ya Pate yaliyoanguka, akaiasa nafsi yake iupe ulimwengu kisogo. C. P. Cavafy, mshairi wa Kiyunani aliyezaliwa Iskandaria mwaka 1863 na kufia huko mwaka 1933, naye aliutazama mji uliokwisha kupoteza mnara na maktaba yake. Lakini yeye hakukubali kuupa kisogo.

Kwa miaka 30 hivi alikuwa karani katika ofisi ya umwagiliaji. Mashairi yake aliyapiga chapa karatasi mojamoja akawagawia rafiki, na diwani haikutoka ila mwaka 1935. Cavafy alikuwa mwanamume apendaye wanaume, na mapenzi hayo waandishi wa historia hawakuyawekea mlango. Basi akayajengea nyumba katika mji wa kale. Alitunga maandishi ya makaburi ya vijana wasiopata kuwako, akawafanya wenyeji wa Iskandaria; hivyo mapenzi yake yakapata mababu, na mji ukapata watu.

Lililo bora la namna hii ni "Katika Mwezi wa Athyr", la mwaka 1917. Msomaji ameinamia jiwe lililolika, anaokota herufi moja moja: jina la Lefkios, umri wake, machozi, marafiki. Hapa umbo na maana havitengani, kwa kuwa mapenzi yaliyofichwa nayo husomwa vivyo hivyo, kwa kukisia palipofutika.

Hata hivyo, aidhaniye Iskandaria hii kuwa mji mzima atapotea. Wamisri, ambao ndio wengi, hawaonekani sana. Na shairi lake juu ya kijana aliyenyongwa Denshawai mwaka 1906, ambalo lingewaonyesha, Cavafy hakulitoa maisha yake yote.

"Myris", la mwaka 1929, lapita mengine yote kwa uchungu. Mwaka 340 kijana Mkristo amefariki. Mpenziwe, asiye wa dini hiyo, amesimama ukumbini mwa jamaa za marehemu. Makasisi wanaomba dua, bibi vizee wanasimulia, na kila neno linamfanya maiti kuwa mtu wao. Hapana amfukuzaye. Anashikwa na shaka kwamba labda tangu zamani alikuwa mgeni kwa Myris. Anatoka mbio katika nyumba ile, kabla ukumbusho alio nao haujageuzwa.