Jicho la Bothmer na swali la fasi

Ndugu zangu wa promosyo zote, hii wiki siandiki juu ya mihogo wala mbolea. Nataka tuongee juu ya mtu aliyepitisha zaidi ya miaka 40 kwenye kazi moja, vyungu vya Wagiriki wa zamani: Dietrich von Bothmer. Nilisoma maisha yake nikamheshimu, kiisha nikamkasirikia. Acheni nieleze yote mbili.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1918. Mwaka 1938 alifika Oxford kusoma, akamkuta mwalimu John Beazley. Wachoraji wengi wa Athene hawakuandika jina lao kwenye chungu. Basi Beazley aliangalia namna mkono unavyochora sikio, kifundo cha mguu, mkunjo wa nguo. Ukiangalia elfu kwa elfu, unaanza kutambua mkono wa mtu, sawa vile unatambua mwandiko wa mwenzako kwenye kopi ya intero hata kama hakuweka jina. Asiyejulikana, Beazley alimpa jina: "Mchoraji wa Berlin", juu chungu chake kimoja kizuri kiko Berlin.

Bothmer alirithi jicho hilo. Alivuka Marekani, akapigana vita Pasifiki katika jeshi la huko, na mwaka 1946 akaingia kazini Metropolitan Museum, New York. Alikuwa anaokota kipande kidogo kama kiganja na kusema kinaungana na chungu kilicho kabatini katika jumba lingine, nchi ingine. Mwaka 1985 alitengeneza maonyesho ya kazi za mtu mmoja, Mchoraji wa Amasis, aliyekufa miaka 2500 iliyopita. Hapo mimi navua kofia. Hiyo ni kazi ya uvumilivu, haifanywi na mtu wa kubahatisha.

Shida njo mwaka 1972. Metropolitan ilinunua bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji. Lilichorwa na Euphronios na kufinyangwa na Euxitheos, wote wawili wameandika majina. Juu yake Usingizi na Kifo wanabeba maiti ya Sarpedon, damu inamtiririka. Bei: dola milioni 1. Muuzaji, Robert Hecht, alisema limetoka kwa mtu wa Lebanoni ambaye familia yake ililiweka miaka mingi. Waitalia wakasema hapana, wezi wa makaburi walilichimba karibu na Cerveteri, mwisho wa 1971. Bothmer, mwenye jicho lile, njo aliyekuwa mkubwa wa sehemu ya Wagiriki na Waroma. Aliona mkono wa Euphronios. Swali la fasi halikumsumbua sana.

Hapo nilikumbuka aibu yangu. Katika lisansi tulienda kuchukua udongo mashambani Walungu. Mvua ikatukuta njiani, wino ukafutika kwenye etiketi za sashe zangu sita. Nilifika labo nikasema: "Asistenti, udongo wenyewe si uko?" Akajibu: "Uko. Ni wa fasi gani?" Akazimwaga zote inje. Ningeweza kupima asidi yake vizuri kabisa, lakini mama gani ningemwambia aweke chokaa shambani?

Bakuli la Sarpedon ni sashe isiyo na etiketi. Lilikuwa ndani ya kaburi la Waetruski, watu wa Italia waliopenda sana kununua vyungu vya Athene. Aliyezikwa nalo alikuwa mwanaume ao mwanamke? Kulikuwa nini pembeni yake? Kwa nini familia ile ilichagua kifo cha shujaa wa mbali kwa maiti yao? Jembe la mwizi lilifuta majibu yote kwa usiku chache.

Wengine wanamtetea: bila jumba kubwa, lingepotelea kwa tajiri fulani. Inawezekana. Lakini dola milioni 1 inamwambia mchimbaji wa kesho arudi kaburini. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kufundishwa mnunuzi asiyeuliza mawe yametoka shimo gani anazaa nini.

Tena jicho hilo lilifika hata kwetu. Mbelgiji Frans Olbrechts alilinganisha sanamu za Waluba, akaona mkono mmoja unaochora nyuso ndefu, akauita kwa jina la kijiji cha Buli. Kiti kimoja cha mkono huo kiko Metropolitan, jumba lile lile. Mpaka baadaye, walipouliza watu wa kule, njo likatokea jina la mtu: Ngongo ya Chintu, ambalo wataalamu bado wanaliandika na neno "huenda". Jicho lilitambua mkono. Jina lilikuwa kinywani mwa watu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeenda kuuliza.

Bothmer alikufa 2009, akaachia jumba lake maelfu ya vipande vya vyungu, na vingine vimekwisha kurudishwa Italia. Bakuli la Sarpedon lilimtangulia: makubaliano yalifanywa 2006, likarudi 2008. Leo liko jumba la makumbusho la Cerveteri, kilomita chache tu na makaburi yale. Mgeni anaweza kusoma pale nani alilichora na nani alilifinyanga. Nani alizikwa nalo, hakuna wa kumwambia.